Wanakuja Opera na Vigelegele

Mpendwa Shangazi Wambura,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Laurel, zamu yangu ya mchana haijaanza, na naomba unisaidie kabla sijaharibu kitu kizuri kwa mikono yangu mwenyewe, maana shida yangu si mume wala ugonjwa, mume wangu Kipkemboi ni mzima na kazi yake ni kunicheka tu, shida yangu ni opera.

Najua utauliza mtu wa Kericho na opera wapi na wapi. Huo ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawazungumzi, wanaimba tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa, na mimi niliujua kupitia mzee mmoja ninayemhudumia hapa kazini, ambaye lazima asikilize opera akila chakula cha mchana, basi siku moja nikawa namlisha huku nafuatisha ile sauti ya chini, alto, kama ninavyoimba kanisani, na mzee akaacha kutafuna akaniangalia, akamwambia binti yake, na binti yake ndiye aliyenitumia tangazo la kampuni ndogo ya opera ya huku Maryland iliyokuwa inatafuta watu wa kwaya kwa msimu mpya. Nilienda kujaribiwa na nguo zangu za kazi, nikaimba wimbo wa dini kwa Kikipsigis kwa sababu ndio niliokuwa naujua wote bila kitabu, na wakanichukua.

Shangazi, tangu siku hiyo nina raha ambayo sijui niiweke wapi. Msimu una opera tatu, ya Oktoba ni ya harusi inayovunjika kijijini, ya Februari ni ya malkia na mwanawe, na ya Mei ni ya wajenzi wa reli, na mimi nimo katika ile ya kwanza na ile ya mwisho. Kila Jumanne jioni tunafanya mazoezi, tunaimba Kiitaliano ambacho sikijui, lakini mwalimu ametufundisha neno kwa neno na sasa hata nikitandika vitanda vya wazee nakiimba. Nasimama karibu na Ashanti, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, ananiita dada na hunigawia peremende zake.

Sasa tatizo ni hili. Kanisani kwetu ukipata jambo jema unasimama wakati wa matangazo na kushukuru, nami nikasimama nikasema nimechukuliwa kuimba katika msimu wa opera, na kabla sijakaa mchungaji akashika maiki akasema, "Bwana asifiwe, dada yetu sasa ndiye ataongoza opera ya Maryland," na watu wakasimama, kwaya ikaanza pambio, akina mama wakaja mbele wakicheza, wakanifunga leso kiunoni na kunipangusa uso, na wewe niambie, nani angewasimamisha watu hao aseme hapana jamani, mimi ni wa kwaya tu, nasimama nyuma kabisa na kapu la nguo chafu? Maana hiyo ndiyo sehemu yangu, mimi ni mmoja wa wanawake wanaofua nguo mtoni, nina kitambaa kichwani na kapu mkononi, na mwongozaji ametukataza hata kuwatazama watu. Kipkemboi ananiambia, "Yaani ulipanda ndege ukaja Amerika kufua nguo?"

Mchana huo huo, tukinywa chai na mandazi katika ukumbi wa chini wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, ambaye nitamwita Mama Awino ingawa si jina lake, na ambaye mimi na yeye husimama pamoja kwa alto, safu ya nyuma, akaunda kamati. Kikundi cha WhatsApp kipo, kitenge cha kijani kimeshachaguliwa, basi dogo limetafutwa, na wamepanga nikitokea tu wapige vigelegele, na nikimaliza wapande jukwaani wanifunge leso na kunipangusa jasho, vile tunavyofanya sisi mtu akiimba vizuri. Picha ya tangazo la msimu, ambamo mimi naonekana nusu uso nyuma ya kofia ya mtu, wameikuza wakaibandika kwenye ubao wa matangazo. Shangazi, kwenye opera watu hukaa kimya, ukikohoa unageukiwa. Nikawaza mama zangu wanavyogeukiwa na ukumbi mzima, nikawaza bibi harusi wetu wa jukwaani anavyofunikwa sauti na kigelegele, na mimi ninavyoambiwa nisirudi tena Jumanne. Basi wiki jana Mama Awino aliponipigia, nikamwambia tiketi za Oktoba zimeisha.

Tiketi zipo, tena nyingi. Naye akasema, "Hakuna shida, my dear. Sisi tutakuja tu. Tutasimama hapo parking, ukitoka tukureceive na vigelegele vyetu, usikie uko na watu." Nilipomweleza Ashanti nilidhani atacheka, lakini hakucheka, alisema kwa kile Kiswahili chake cha darasani, "Dada, mimi nimeimba hapa misimu mingi. Hakuna mtu wangu ambaye amewahi kuja. Wewe una basi zima."

Nifanye nini? Niuache uongo huu mpaka Oktoba ipite, au niwaambie waje lakini wanyamaze, na nikiwaambia wanyamaze si watasema nimekuwa mzungu? Jina langu tafadhali usilitoe.

Mfua Nguo, Laurel

*

Mfua Nguo mwanangu,

Hongera. Naanza na neno hilo kwa sababu barua yako ni ndefu na hakuna mahali umejipa mwenyewe. Mtu anakwenda kujaribiwa na nguo za kazi, anachukuliwa, halafu anajificha nyuma ya kofia ya mwenzake.

Sasa nikugombeze. Kanisani hukudanganya. Mchungaji alikuongezea maneno, na pambio likishaanza hakuna binadamu aliyewahi kusahihisha tangazo. Lakini uongo wa tiketi ni wako peke yako, na umempa mama ambaye kosa lake ni kukufurahia. Akaupokea, akakujibu kwamba atasimama nje kwenye magari, Oktoba, na baridi yake. Hata mimi iliniuma.

Unasema unaogopa watavuruga opera. Nakuamini nusu. Nusu nyingine naiona kwenye lile kapu. Unaogopa basi lishushe watu wenye kitenge kipya, wamtafute mwimbaji mkuu wao, wakukute nyuma na nguo chafu. Lakini hao unaowaogopa ni watu wa kwaya. Huyo Mama Awino wako amesimama safu ya nyuma Jumapili zote hizo, bega kwa bega nawe. Anajua alto inabeba nini, na anajua hakuna anayeipigia makofi. Kama kuna mtu mmoja Maryland nzima atakayeichomoa sauti yako katikati ya sauti za wote, ni yeye. Na wewe umemwambia viti vimeisha.

Mpigie leo. Usimtumie meseji, mpigie. Anza na tiketi: zipo, nilidanganya, niliogopa, nisamehe. Atakugombeza, mwache amalize. Kisha mweleze sehemu yako yote, kapu na kitambaa, na umwambie utasimama upande gani wa jukwaa ili watu wasivunjike shingo wakikutafuta.

Kuhusu vigelegele, nani alikwambia opera haina kelele? Nimekwenda mara mbili tatu hapa mjini. Wimbo mkubwa ukiisha, wazee wenye tai huinuka na kupaza sauti utadhani wako uwanja wa mpira. Jambo la muhimu ni kujua wakati. Watu wakiimba, kimya. Opera ikiisha kabisa, waimbaji wote hurudi mbele kuinama, wafua nguo wakiwemo, na hapo kamati ifanye kazi yake kwa pumzi zote. Mpe Mama Awino kazi rasmi: yeye ndiye anayeanza, na kabla hajaanza hakuna anayefungua mdomo. Sijaona mwenyekiti anayekataa madaraka ya namna hiyo. Jukwaani wasipande. Waimbaji wakimaliza hutoka ukumbi wa nje kusalimia watu, leso ufungwe hapo. Ila uso wasikupanguse, utakuwa na rangi za jukwaani na kitenge ni kipya.

Na hilo la kuwa mzungu liache. Mgeni akija kanisani kwenu mnamweleza lini tunasimama na lini tunakaa, na hajawahi kulalamika. Wewe sasa una nyumba mbili, waeleze watu wa nyumba moja desturi za nyingine.

Nakutumia jibu hili leo Jumatatu kwa sababu. Safu yangu hii ya barua na majibu inatoka Ijumaa, yako ikiwemo, na akina mama wanaisoma kuanzia huko kwenu Laurel mpaka Oxon Hill. Umembadilisha jina mwenyekiti wako, sawa, lakini kitenge cha kijani hukukibadilisha, wala jina la mume wako. Kufikia Ijumaa asubuhi awe ameshasikia kutoka kwako.

Ukimaliza kuomba msamaha, mwombe jambo moja zaidi. Waje na leso mbili. Ya pili wamfunge Ashanti.

Shangazi Wambura