Nani Anamchezesha Bawabu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kuna mtu ameingia kwenye gemu yangu.

Nimewasha jioni baada ya kazi, nikakuta imeandikwa: mara ya mwisho kucheza, leo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo mimi nilikuwa dukani nakata vioo vya miwani. Ushahidi ninao, bosi alikuwa amenisimamia shingoni.

Na aliyechezeshwa ni Bawabu, roboti wangu. Mzito, hana mbio. Kazi yake kusimama langoni na kuinua ngao ili wenzake wanne wapige risasi wakiwa nyuma yake. Ngao ikiwa juu inavuma kama friji kuukuu. Watu hawapendi kumchagua, wote wanataka wale wanaoruka. Sasa nani ataiba roboti asiyetakiwa na mtu?

Nimemwuliza Baba kama kuna mtu alikuja. Alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mkono wa kushoto kaufunika taulo, kama kawaida yake tangu kiharusi. "Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka." Miaka thelathini na moja ya kulinda ghala, bado anaripoti. Lakini amejibu upesi mno.

Jumanne, 4 Machi

Tena. Saa nne na dakika tano, mechi mbili.

Nimehesabu wenye ufunguo wa hapa. Mimi. Mama wa juu, mshonaji wa ghorofa ya pili, anayeshuka saa saba kumpa Baba chakula. Na Kaka. Mama wa juu hata redio yake huwashiwa. Anabaki Kaka.

Kaka anakaa mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Hilo halimtoi — akiwa na jambo lake haoni umbali. Na jambo analo. Anataka Baba ahamie kwake, chumba cha nyuma, kwa sababu eti mzee hawezi kushinda peke yake na mkono mmoja. Tarehe 15 anakuja kuukagua mkono wenyewe. Ukiwa vilevile, anaondoka naye. Huenda anakuja kimyakimya asubuhi kukusanya sababu, na akichoka kukusanya anacheza gemu yangu. Nikisoma nilichoandika najiona sina akili. Lakini kuna namna.

Jumatano, 5 Machi

Meseji kutoka kwa Nyuki, nahodha wa timu yetu. Ni dereva wa gari la mikate, akishasambaza hucheza kidogo asubuhi. Uso wake sijawahi kuuona. Anauliza leo nilikuwa na nini. Timu nzima imeshahamia darajani, mimi nimebaki langoni peke yangu, hakuna adui wala rafiki, ngao juu, ngao chini. Wameniita mara sita. Kama nimewachoka niseme, watafute roboti mwingine.

Sikumwambia kwamba si mimi. Nimekumbuka kuwa neno langu la siri nilimpa mwaka jana anirekebishie akaunti. Watuhumiwa sasa wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa na marudio ya mechi za asubuhi. Ngao inataka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kibonyeze bila kuachia. Huyu mtu anashikilia sekunde nne, ngao inashuka. Nne, inashuka. Na ikiwa juu inatetemeka. Wenzake wakiondoka yeye hasogei hata hatua moja. Mzembe — au anajifanya mzembe ili nifukuzwe kwenye timu.

Baba kapita nyuma yangu akienda msalani. Kasimama kidogo. Kasema mtu mzima na kazi yake anapiga risasi za katuni. Nikazima.

Jumapili, 9 Machi

Kaka kapiga simu. Niliipokea jikoni, sauti chini. Anasema mimi simwoni Baba alivyo kwa sababu narudi jioni nimechoka. Anasema mama wa mazoezi kule hospitali alimpa Baba mpira wa kuminya, uko wapi huo mpira? Uko kwenye droo. Haujaminywa hata siku moja, najua.

Nikamtega: hivi gemu unajua kucheza? Kaniuliza kama ninalala vizuri.

Mwisho nikamwambia tutaona. Sikukataa. Ningeweza kukataa, nikasema tutaona. Na kuna kona moja moyoni mwangu ilishusha pumzi, nikaichukia.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeweka mtego. Nimeleta kutoka dukani unga wa kung'arishia vioo, ule wa rangi ya waridi. Ukikushika haubanduki kwa maji ya haraka. Nimepaka kidogo chini ya rimoti ya gemu kabla ya kutoka.

Jioni nimekuta rimoti imefutwa safi na kurudishwa pale pale, waya umekunjwa mara tatu. Mimi huwa siukunji. Huyu mtu kazoea kuacha mahali kama alivyopakuta.

Jumanne, 11 Machi

Nimefua. Taulo la Baba lina alama ya waridi. Vidole vinne.

Nimekaa chini bafuni, juu ya ndoo. Kwanza nikadhani amemfutia Kaka mikono. Kweli kabisa, ndivyo nilivyodhani! Hadi nikamtengenezea Kaka njia ya kuingilia na kutokea. Mtu akishazoea kushuku, ukweli ukimkalia mapajani bado anauomba kitambulisho.

Nimetazama marudio ya asubuhi. Sekunde kumi na moja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia bosi jino linaniuma, nikarudi nyumbani saa nne. Nimefungua mlango polepole kama mwizi.

Baba alikuwa mbele ya televisheni. Si kwenye kiti chake cha starehe, kwenye kigoda kigumu cha jikoni. Kavaa kofia yake ya kazi. Viatu kafunga kamba, vyote viwili, na asubuhi kamba nilimfunga mimi na moja nikaisahau. Rimoti mikononi, kidole cha kushoto kimebonyeza, mkono wote unatikisika hadi begani. Jasho linamtoka. Mvumo wa ngao umejaa chumbani. Lango lilikuwa tupu, wenzake wako mbali wanapigwa, na ndani ya vipokea sauti Nyuki anapiga kelele hadi mimi mlangoni namsikia. Baba haondoki langoni.

Nilirudi ngazini. Nilikaa huko mpaka mechi ikaisha, nikalia kidogo, nikarudi dukani kwenye jino langu.

Jioni alipokuwa anaoga nikaona daftari chini ya godoro lake. Daftari la matukio, kama la ghalani, limepigwa mistari kwa rula. Nimelisoma. Sioni aibu. Au naona, lakini nimelisoma.

"Saa 2.10, binti katoka. Saa 4.00, nimeingia lindo. Lango shwari. Saa 4.25, wenzangu wameacha lindo bila kupokewa. Nimebaki." Kila siku hivyo. Kuhusu mkono anaandika: leo sekunde saba. Leo tisa, kidole kimekufa ganzi. Na Jumapili: "Saa 11.40 jioni, binti anaongea na kaka yake jikoni, sauti ya chini. Wanapanga kunihamisha." Chini yake: "Binti anaandika kila siku. Sijui anaandika kuhusu nani."

Nimelirudisha kama nilivyolikuta.

Ijumaa, 14 Machi

Sijamwambia kitu. Naye hajaniambia. Tumekula tukitazamana vikombe.

Marudio ya leo, sekunde kumi na tisa. Mpira wa hospitali usingemfikisha hapo.

Lakini kuna kitu kinanikereketa na lazima nikiandike. Je, anajua ni gemu? Mtu anavaa kofia. Anafunga viatu. Anasubiri kupokewa zamu na mtu ambaye hayupo. Labda ni nidhamu tu, mwili hauamki bila lindo. Labda Kaka ameona kitu ambacho mimi sitaki kukiona. Nimemshuku kila mtu wiki mbili hizi. Sasa namshuku Baba akili zake, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni, haraka. Chai inachemka na sijaiepua.

Kaka kafika saa tatu na nusu, na begi tupu la nguo. Kamsalimia Baba vizuri, kamwulizia usingizi, kisha kanyoosha mkono wake: Baba, hebu niminye kidogo nione. Baba akavuta taulo juu. Akasema yeye si ng'ombe wa mnadani. Kaka kanitazama. Ningeweza kusema pale pale, kaka, anaweza, nimemwona. Nilisema nitapika chai.

Begi likaanza kujazwa. Mashati, dawa, wembe.

Saa nne kamili Baba kainuka. Kavuta kigoda. Kavaa kofia. Mbele ya Kaka kawasha televisheni na kushika rimoti, bila kutuangalia, na vipokea sauti kavichomoa, kaviacha mezani. Kaka kanifuata huku jikoni na uso umemshuka. Ananong'ona: unaona sasa? Si mkono tu, na akili pia. Nikamwambia aangalie kidole. Kasema kidole gani.

Nyuki kasikika sebuleni: roboti, tunaondoka, twende darajani. Kaka naye toka mlangoni: Baba, twende, barabara itajaa.

Baba kawajibu wote kwa mara moja. "Niko lindo. Siondoki mpaka nipokewe."

Kaka ameelewa kwa upande wake. Ananiita. Njoo umpokee basi, tuondoke, anasema, chukua hilo dude mkononi mwake. Ananiita kwa upole kabisa. Baba hajageuka. Hajasema nimpokee wala nisimpokee. Anajua niko hapa na kalamu, lazima anajua.

Kutoka huku sioni skrini. Nasikia mvumo tu. Nimeanza kuhesabu tangu aliposema lindo. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Chai imemwagikia jiko. Kaka ananiita tena, safari hii kwa jina langu la utotoni.

Hamsini na sita. Ngao haijashuka.