Vali Iliyonyamaza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Ngara hatujambo, ila babu yako anakohoa kidogo.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa ufundi anataka mjaribu vali ya usalama ya boila hata isipokuwa na tatizo. Nilipokuwa msichana nilifua mashuka hospitalini, kwa boila dogo la mvuke. Vali yake ilivuma kutwa, tukadhani imeharibika. Siku moja ikanyamaza. Mwenzangu Anastazia akasema, "Afadhali, imepona!"

Fundi Gervasi akaingia, akatazama geji inayopima nguvu ya mvuke, akapaza sauti, "Tokeni nje!" Akauondoa moto peke yake, sisi tukisubiri uani. Boila lilipopoa akaifungua vali. Ilikuwa imegandishwa na chokaa ya maji.

"Mbona ilikuwa imetulia?" nikamuuliza.

"Ilikuwa imeziba, mvuke uliozidi haukuwa na pa kutokea. Ingetuua."

Akaisafisha, akairudisha, akawasha moto tena, nayo ikatulia vilevile. Nikachanganyikiwa. Kimya ni kilekile, nitajuaje kama vali ni nzima? Akanionyesha kuvuta mpini wake, mvuke ukatoka kwa kishindo. Nikaruka, kisha nikacheka.

Mpaka leo utulivu hunichanganya. Barua yako yote ni vali tu, habari zako hukuandika hata moja. U mzima kweli, mjukuu wangu?

Bibi yako, Veronika