Vidole vya Watu Wawili, Mashine Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimepimwa afya, wanataka kabla ya kunipa tena leseni ya kufundisha udereva. Macho safi. Masikio safi. Damu — hapo daktari akakohoa. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula chochote: sita nukta nne. Kisukari bado, akasema, ila umeshaanza safari. Tembea, punguza tumbo, acha soda, rudi baada ya miezi mitatu. Mimi! Ninayemfokea mama kila siku kwa kulamba kijiko cha sukari!
Jioni taa ya njano ikawaka, mwanafunzi akakanyaga mafuta. Nikamwambia njano si ya kuongeza mwendo.

Jumatano, 5 Machi
Miezi mitatu nani ataisubiri? Mama ana mashine yake ya kupimia sukari, huiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Alipoingia kuoga nikajitoboa kidole. Sita nukta mbili. Afadhali. Saa moja baada ya chai nikarudia — nane! Nikazunguka mtaa mara nne, hadi fundi viatu akaniuliza nimepoteza nini.

Jumanne, 11 Machi
Sasa ni mara tatu kwa siku. Sita nukta moja. Tano nukta tisa! Sita nukta sita. Sielewi, jana nilikula majani kama mbuzi. Vidole vyote vya mkono wa kushoto vimetobolewa, usukani unauma.
Mama analalamika vijiti vya kupimia vinakwisha upesi. Kauliza kama panya wa nyumba hii nao wana sukari. Nimecheka, kicheko cha mwizi. Nimemnunulia pakiti mpya, nikasema zawadi. Kumwambia siwezi. Alimuuguza baba kwa ugonjwa huu huu mpaka akamzika. Akisikia na mimi, hatalala.

Alhamisi, 27 Machi
Nilikuwa na wanafunzi sita, kwa hiyo mdogo wangu ndiye aliyempeleka mama kliniki. Karudi anaimba! Ati daftari lake la vipimo alilisahau nyumbani, muuguzi akabonyeza mashine yenyewe, ikatoa namba za mwezi mzima. Wastani, saba. Daktari kampa mkono, kampunguzia dawa nusu. Mama anasema amewashinda vijana. Nikamwambia hongera.
Kumbe mashine inatunza kila namba! Sikujua, haki ya Mungu sikujua. Mama hupima mara mbili kwa wiki, naye hapungui kumi. Hiyo saba ni yangu mimi.

Jumapili, 30 Machi
Leo nasema. Baada ya chakula. Baada ya chakula wakaja wageni. Wageni walipoondoka alikuwa na furaha mno, hata chai alijitengenezea mwenyewe. Kesho.

Jumatatu, 31 Machi
Sijasema. Mwanafunzi kagonga ukingo wa barabara. Gari lina breki ya pili upande wangu, na mguu ulikuwa juu yake. Sikukanyaga. Nilikuwa nampangia mama maneno.

Jumatano, 2 Aprili
Mama kamaliza jagi la maji kabla ya saa nne. Chooni mara nane. Macho yanaona ukungu, anasema. Nimempima mwenyewe: kumi na sita nukta tatu. Nimefuta masomo yote, tumekuja kliniki mbio.
Tuko kwenye benchi. Naandika nyuma ya fomu ya mwanafunzi. Namba yetu kumi na tisa.
Mama kaniinamia sikioni. Ananiomba msamaha — yeye! Ati Jumapili alitia sukari kwenye chai, vijiko viwili, kwa furaha ya kupunguziwa dawa. Nisimseme kwa daktari, ataonekana mtu mzima asiye na akili.
Ameushika mkono wangu wa kushoto, kunituliza. Anavipapasa vidole. Kimoja, kingine. Sasa anaugeuza kuelekea dirishani na kuusogeza karibu na macho. Miaka tisa anajitoboa, alama hizi anazijua.
"Tangu lini?"
Kumi na nane ametoka. Muuguzi anatuita sisi. Mama hainuki, na mkono hauachii.