Jina Nililolifuta Ndani ya Kofia ya Babu

Jumapili, Katoro. Mvua ilianza watu wakitoka kanisani na mpaka sasa saa tisa hii haijakata. Bati linapigwa hadi redio ya jirani haisikiki. Kabula wangu amelala. Mimi sijalala vizuri tangu Alhamisi.

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia tena Baba Kabula atasema, "Si umeshasema, yaishe." Hayajaisha.

Babu yangu mzaa mama alipofariki kule Samuye, wajomba waligawana ng'ombe. Mimi nilipewa kofia ya chuma, ile aliyorudi nayo kutoka vita vya Kagera, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza. Wiki ile ya mwisho aliniambia, "Itunze. Mwenyewe yupo." Nikaona ni homa inaongea. Nikasema sawa guku, yaani babu, nikamvutia shuka mpaka mabegani.

Nikarudi nayo Katoro. Aibu yangu inaanzia hapo.

Mimi naosha marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshautoa dhahabu wakautupa. Unauosha upya, ukibahatika unapata chembe. Karai langu lilikuwa limetoboka. Nikaiangalia ile kofia: ni ya duara, ina kina, inakaa vizuri mkononi. Kina mama wenzangu pale mwaloni, ndiko tunakooshea, walinicheka mpaka wakakaa chini.

"Afande Mama Kabula! Leo umekamata wangapi?"

"Muacheni, jeshi halina mchezo!"

Na mimi nikacheka. Lakini ndani ya kofia kulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa msumari, na dhahabu ya marudio ni kama vumbi, ikiona mkwaruzo inaingia humo huipati tena. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, akapitisha mashine ya kusagia chuma. Haikuchukua hata dakika tano. Ikawa laini kama sufuria mpya.

Nilikuwa nimeyasoma kabla. Nina darasa la saba, kusoma najua. Lilikuwa jina la mtu, na halikuwa la babu. Nikajiambia huyo atakuwa alishakufa, haliwezi kumuuma mtu.

Hata hapo nasema uongo. Sikujiambia kitu. Nilitaka karai.

Mwaka huu nikaanza kuulizauliza habari za ile kofia, maana Kabula ataniuliza siku moja na sina cha kumjibu. Mjomba akasema niende kwa Mzee Maduhu, hukohuko Samuye, aliyepanda lori moja na babu walipokwenda vitani wakiwa mgambo. Alhamisi nikaenda nayo.

Macho ya Mzee Maduhu yameingia ukungu, haoni. Mkwewe aliniletea uji. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akanishika mkono mpaka nikakaa.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umeileta?"

Nikamwekea mapajani. Akaipapasa juu, akacheka, akaigeuza. Akaingiza vidole ndani, akawa anatafuta. Akazunguka mara ya kwanza. Akazunguka tena, polepole.

"Hii siyo yenyewe," akasema. "Yetu ina jina la Shija."

Akanieleza. Shija alikuwa rafiki yao, wa Kahama. Alichora jina lake kwa msumari wakiwa kwenye handaki, wao wanamtania kwamba anaogopa kuibiwa na adui. Siku moja babu alitumwa maji. Kofia yake aliiacha lorini, Shija akamvika ya kwake, akamwambia nenda nayo utanirudishia. Babu akiwa mtoni bomu likaanguka pale alipokuwa amekaa Shija. Hakukuwa na wa kumrudishia.

Shija aliacha mke mjamzito. Mtoto akazaliwa wa kike, ndiye Mama Holo, anauza mchele Kahama. Hana picha ya baba yake wala kaburi analolijua. Babu alimwahidi kwamba akifa yeye, kofia itarudi kwake, aone mwandiko wa mkono wa baba yake.

"Kwa nini hakumpa akiwa hai?" nikauliza.

"Aliona haya. Angemwambiaje yule mtoto kwamba hiki ndicho alichokikosa baba yake kichwani siku ile?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mzee bado kaishika, vidole vimo ndani.

Nikasema, "Labda siyo yenyewe, guku. Nitatafuta vizuri."

Nilimdanganya mtu asiyeona, kofia yenyewe ikiwa mikononi mwake.

Akanishukuru. Akasema atampigia Mama Holo amwambie natafuta.

Jana asubuhi simu ikaita, namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima, changamfu. "Mwanangu, nimeambiwa unanihangaikia. Mungu akupe. Sasa ukiipata usijisumbue kuisafisha, eh? Niletee ilivyo, hata kama ina kutu."

Nilikaa chini pale pale uani. Nikamwambia yote. Karai, fundi, mashine, na uongo wa Samuye. Nikamwambia hata kwamba imepita zebaki ya kukamatia dhahabu, ni sumu, wasije wakaichotea kitu.

Nilisikia mteja kwa nyuma anauliza bei ya mchele, hajibiwi. Akauliza tena, hajibiwi.

Halafu Mama Holo akasema, "Yalikuwaje?"

"Yapi, mama?"

"Maandishi ya baba. Makubwa? Madogo?"

Nikafumba macho. Nikamwambia makubwa, yamelala upande. SHIJA MASANJA. S zote mbili kazigeuza, zinatazama nyuma. Na JA ya mwisho ilikosa nafasi ikashukia chini.

Akacheka. Kicheko kikamgeuka katikati, nikamsubiri.

"Kumbe S ilimshinda," akasema. "Mama hakuwahi kuniambia." Halafu, "Niandikie kwenye karatasi, vilevile ulivyoona. Uniletee Jumanne na hiyo kofia yake."

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Nikamwomba aniombee radhi kwa Mzee Maduhu. Akakataa. "Huyo utamwambia mwenyewe, na siyo kwa simu."

Basi leo tangu mvua ianze nachora S za nyuma. Karatasi ya nne hii. Mkono wenyewe unazigeuza zinakuwa sawa, nachana naanza upya. Nataka Mama Holo akiiona asione mwandiko wangu. Labda haiwezekani, lakini kidogo tu, ile JA iliyoshuka, naona naikaribia.

Kesho naanzia Samuye, Kabula mgongoni. Nitamwamkia Mzee Maduhu, na akishaitikia tu nitasema, kabla mkwewe hajaniletea uji. Maana najijua. Nikishakunywa uji wao nitashindwa tena.