Kikombe cha Mlenda

Busi, 14 Agosti 2022

Mwanangu Mwantum,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima kabisa, wasiwasi wangu ni wewe tu huko chuoni Chimwaga na chakula cha kununua. Mama yako anakusalimu. Ng'ombe wetu amezaa.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya mama yako, na akiongea anaweka spika mpaka mbuzi wanasikia. Barua nampa Ludovick, kondakta wa basi la Kondoa. Wewe ndiye unayesomea uuguzi, basi nisaidie. Hospitali wamenipiga picha ya moyo, wakasema vali imesinyaa. Nikaitikia "ndiyo, daktari" kama mtu aliyeelewa. Vali ni kitu gani? Siku hizi nikipanda kilima kwenda shambani napumzika njiani kama bibi kizee, na nikilala chali pumzi inakata. Mama yako Rukia nimemwambia ni kikohozi. Usimwambie.

Baba yako,
Uwesu

Chimwaga, 21 Agosti 2022

Baba, shikamoo,

Waalaykum salaam. Mimi sijambo, masomo tu yananibana. Lakini Baba, unaandikaje "mzima kabisa", halafu mistari michache chini yake pumzi inakata? Hayo mambo gani?

Moyo una vyumba vinne, na vina milango yake. Damu ikishapita, mlango unajifunga isirudi nyuma. Milango hiyo ndiyo vali. Wako mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri, kwa hiyo damu inasongamana nyuma yake na maji yanajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana huwezi kulala chali. Vidonge vya kupunguza maji vitakusaidia kupumua, ila mlango wenyewe haufunguliwi kwa vidonge. Inatakiwa upasuaji, uwekewe vali ya bandia. Usipofanyiwa, moyo utachoka mpaka usimame. Nakwambia wazi kwa sababu hupendi kuzungushwa, na kwa sababu naogopa.

Mwambie Mama. Kikohozi gani hicho cha kupanda kilima?

Binti yako,
Mwantum

Busi, 5 Septemba 2022

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima kabisa, usinicheke.

Sikulala kwa ajili ya barua yako. Wanifungue kifua, washike moyo wangu kwa mikono yao! Nimemwambia mama yako. Amelia, kisha akanifulia kanzu zote kama naenda kuoa. Basi nakuja huko kupasuliwa, kwa sharti moja: nikifumbua macho nikuone wewe wa kwanza.

Baba yako,
Uwesu

Chimwaga, 2 Desemba 2022

Baba, shikamoo,

Natumaini wewe na Mama mlifika salama, na kidonda cha upasuaji kinaendelea kupona. Basi lenu lilipoondoka nilibaki stendi nalia kwa furaha, watu wakadhani nimeibiwa.

Sasa nisikilize. Vali yako ni ya kutengenezwa, na damu hupenda kuganda juu yake. Pande la damu likichomoka likaziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Kwa hiyo kile kidonge cha kuzuia damu isigande ni kila jioni, maisha yako yote. Kila mwezi nenda Kondoa ukapimwe damu, waone kama dawa inatosha. Na mboga za majani zinaipunguza nguvu dawa hiyo. Sikukatazi mlenda, nani anayeweza kumkataza mtu wa Busi mlenda? Ila uwe kiasi kilekile, kikombe kimoja, kiangazi na masika. Mama ndiye anayepika, kwa hiyo mweleze leo hii.

Binti yako,
Mwantum

Busi, 3 Februari 2023

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima kabisa, na safari hii ni kweli. Kilima napanda nikipiga mluzi.

Mvua imekolea, mlenda umeota mpaka nyuma ya choo. Na unajua desturi yetu, haendi mtu kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Kila anayekuja ana bakuli la mboga, "Uwesu arudishe damu." Mama yako naye anachuma alfajiri, anapika, anakaa mbele yangu ananitazama. "Kula, baba Mwantum." Mwanamke huyu alifunga siku zote nilizolazwa, akiniombea. Leo nimwambie chakula chake kinanidhuru? Nimeshindwa, mwanangu. Nakula. Kupima bado sijaenda, mto umejaa. Ukipungua nitakwenda.

Baba yako,
Uwesu

Chimwaga, 12 Machi 2023

Baba, shikamoo,

Leo siulizi hali yako, nimeiona kwa macho yangu.

Barua yako ilinifikia siku ileile Mama alipopiga simu kwamba umeanguka uani, mdomo umeenda upande. Nashukuru Mungu mguu umerudi na maneno yanarudi polepole. Mkono wa kulia tuuombee.

Wakati wote tulipokuwa tunakuuguza, Mama aliniuliza: "Vidonge nilimpa mwenyewe, kila jioni. Damu imegandaje?" Mimi nikawa naangalia ukuta. Sikuweza kumwambia, kwa sababu hilo neno ni lako. Lakini mvua haijaisha, na mlenda bado upo. Baba, nakuomba, mwambie. Unaogopa kumuumiza, mwishowe atakuzika.

Nakupenda sana.

Binti yako,
Mwantum

Busi, 4 Aprili 2023

Mwanangu,

Ramadhani njema. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, usicheke. Nimeanza adhuhuri, sasa ni alasiri.

Nimemwambia. Aliingia jikoni, nikasikia sufuria zinagongana. Akatoka macho mekundu. "Umeona bora ufe, Uwesu, kuliko mimi ninune siku moja?" Akaushika huu mkono uliolala, akakaa nao mpaka adhana ya magharibi.

Sasa mlenda wangu unapimwa kwa kikombe, na anayepima haongezi hata tone. Majirani wakileta mabakuli anapokea, anashukuru, halafu anafuturu nayo mwenyewe. Amenenepa, mimi nimekonda, watu wanamsema. Juzi tumekwenda kupima damu, tumevuka mto amenishika kiuno. Wamesema iko sawa.

Nilitaka kuanza barua kama siku zote, mama yako akachungulia begani akasema, "Acha uongo." Basi nauandika ukweli huku mwishoni. Mimi si mzima, mwanangu. Lakini nipo.

Baba yako,
Uwesu