Kitwitwi wa Mfereji wa Taveta

Kambini, Ziwa Jipe
Jumatano

Mama Wakesho, mke wangu mpendwa,

Je, homa ya mtoto imeshuka? Naanza na hilo, unisamehe. Tangu uliponiandikia kwamba anatetemeka na hali chakula, sijapata neno lingine kutoka Werugha. Mimi ni mzima wa mwili, lakini sikaliki. Nikiketi nasimama, nikisimama natembea.

Nilimwomba ruhusa Bwana, huyu Mzungu ninayembebea darubini na vitabu vya ndege. Akasema, "Nitafutie kitwitwi wangu kwanza, Mwakio, halafu uende." Ni ndege mdogo wa majini, miguu mirefu, anayekuja huku kila mwaka akikimbia baridi ya Ulaya. Vitwitwi wamejaa hapa ziwani, lakini Bwana anamtaka yule mweusi chini ya mabawa na mweupe juu ya mkia. Hawa wengine chini ya mabawa ni weupe weupe tu.

Nimekanyaga matope siku tisa. Ya kumi nikadanganya, mke wangu. Nikasema nimemwona.

"Aliporuka, chini ya bawa palikuwa na rangi gani?"

Nikababaika. "Kama kijivu, Bwana."

Akafunga kitabu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Jana nilitumwa Taveta kununua ndizi. Mwenye shamba, Bi Mwanaidi, akaniuliza mbona nimetapakaa tope hadi magotini. Nilipomweleza akacheka. "Huyo hapendi wenziwe, mwanangu. Yuko peke yake kwenye mfereji wangu, kila asubuhi ananishtua."

Tukanyatia. Akaruka ghafla mbele yetu akilia kwa sauti kali, mweusi tititi chini ya bawa, mweupe pepepe juu ya mkia. Nilishika kichwa.

Leo asubuhi nimempeleka Bwana. Alilala kifudifudi chini ya migomba, akamtazama mpaka machozi yakamtoka. Alipoinuka akasema, "Sasa tumtafute wa pili."

"Bwana, uliniahidi. Mtoto wangu ni mgonjwa."

Akajipangusa tope kifuani. "Nenda."

Gari la moshi la Voi ni Jumamosi. Barua hii nampa dereva wa lori anayepanda Wundanyi leo; nimemsihi anichukue na mimi, lakini lori limejaa, hana nafasi ya mtu. Mtoto akizidiwa usiningoje, kaka yako akusaidie kumbeba hadi hospitali. Nisalimie mama mkwe, na shangazi anayetukamulia ng'ombe. Nikikuta mlango umefungwa, nitawafuata huko huko, hata kwa miguu.

Ni mimi mumeo,
Mwakio