Nakala ya Pili

Dayton, Ohio
9 Machi

Mdogo wangu Lyle,

Huku theluji imeyeyuka, magoti yananisumbua, na kitabu cha saba cha ile hadithi ya vita vya anga za juu kimetoka! Nimekimaliza kwa siku mbili bila kunyoa ndevu. Manowari za angani mia nne zinapigana kando ya jua, Lyle, na anayeokoa kikosi ni mpishi!

Kama kawaida yangu, nilinunua nakala mbili. Shemeji yako Noreen akanisuta: "Mzee, kichwa unacho kimoja. Hicho kitabu cha pili anakisoma nani?"

"Cha kuhifadhi," nikamjibu.

Jana, akipangusa vumbi, alizifungua hizo za kuhifadhi. Zote saba zina jina lako ukurasa wa kwanza, nakala moja kwa kila mwaka tangu yale maneno makali niliyokutamkia kwenye mazishi ya mama. Hakunicheka. Aliniletea kalamu hii.

Najua unachukia kusimuliwa mwisho, lakini potelea mbali: nahodha anabisha hodi kwa mdogo wake kumwomba radhi, na mdogo mtu anamfungulia.

Jumamosi nakuja na boksi la vitabu.

Kaka yako mropokaji,
Wendell